Mwanachama wa Mia Moja wa Kusudio

Kila anapoulizwa habari za nchi ya Kusudio, Tumpe Mwasomola huanza kwa kushukuru, ndipo acheke. Nasi tumfuate hivyo hivyo, maana mambo ya huko hayasimuliki kwa uso mmoja.

Tumpe alikuwa katibu wa umoja wa huduma kwa waajiri, aina ile ya umoja inayowatafutia wenye viwanda na maduka wafanyakazi, inayowaandalia mikataba, na kuwafundisha wasimamizi kusema na watu bila kuwafokea. Miaka mitatu mfululizo umoja wake uliandika malengo mazuri kila Januari na kuyasahau kila Machi. Wajumbe wakachoka. Walikuwa wamesikia kwamba huko Kusudio lengo likishaandikwa halisahauliki kamwe, basi wakamwambia, “Nenda, dada, ukae nao juma moja, ututolee siri yao.” Akaenda. Njia aliyopita haina uzito katika habari hii. Yatosha kusema alifika salama, na akapokewa vizuri kuliko alivyotarajia.

Jambo la kwanza alilojifunza ni salamu. Wakusudio hawaulizani habari za asubuhi. Huulizana, “Umefika asilimia ngapi?” na anayeulizwa hujibu, “Naelekea.” Aliyefika mia hajapata kuonekana, ila kulisema hilo ni kukosa adabu.

Aliyetumwa kumpokea alikuwa mwanamume mrefu wa makamo, mwenye shati lililonyooshwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Akampa mkono.

“Karibu sana, mgeni wetu. Mimi naitwa Idadi ya Wanachama Ifike Mia Moja.”

Tumpe akamtazama kuona kama anatania. “Jina lako ndilo hilo, kaka?”

“Ndilo hilo lote. Ukiwa na haraka niite Idadi. Na haraka unayo, nimeiona. Wageni wote huja nayo, mpaka wahudhurie mkutano wetu mmoja.”

Njiani akamweleza. Sheria ya kwanza ya Kusudio inasema kila lengo la mwaka libebwe na mtu mmoja, na kulibeba ni kuacha jina lako na kuitwa kwa jina la lengo hilo. Likitimia, unarudishiwa jina: mtu yeyote analitamka mbele ya mkutano mkuu, mambo yamekwisha. Lisipotimia, lengo linaongezwa, nawe unabaki nalo kama lilivyoongezwa. Wakubwa wa nchi waliona hakuna njia bora zaidi ya kuzuia usahaulifu. Nani atasahau lengo analoitiwa chakula kwalo?

Idadi alilibeba lake miaka tisa iliyopita, likiwa Ishirini. Mwaka ule Umoja wa Huduma kwa Waajiri wa Kanda ya Magharibi ulipata wanachama kumi na tisa. Likawa Thelathini, wakafika ishirini na tisa. Likawa Arobaini. Kila mwaka alizunguka kanda nzima kwa miguu na kwa baiskeli, akaukuza umoja ule kuliko mtu yeyote katika historia yake, na kila Desemba akasomewa kuwa ameshindwa.

“Na mwaka huu?” aliuliza Tumpe.

“Tisini na tisa,” akasema Idadi, akatazama mbele.

Ofisi ya Umoja ilikuwa safi na tulivu. Malengo yalibandikwa ukutani, na chini ya kila lengo alikaa mtu wake. Alikuwapo Dada Mafunzo Manne Kila Robo Mwaka, ambaye wakati huo alikuwa akifundisha chumba kitupu kwa bidii kubwa, kwa kuwa lengo lilitaja mafunzo na halikutaja wanafunzi. Alikuwapo Mzee Malalamiko Yapungue kwa Nusu. Huyo alikuwa amehamishia meza yake stoo ili mwenye lalamiko asimwone. Na kwenye pembe alikaa Bwana Mawasiliano Yaboreshwe, ambaye hakuwa amesema na mtu kwa miaka miwili.

“Ni bubu?” Tumpe alinong’ona.

“Hapana. Ni mwangalifu.”

Wakampa taarifa ya mwaka aisome. Ilikuwa nzito, yenye michoro ya rangi, na Tumpe aliipenda kwa dhati mpaka alipofika ukurasa wa arobaini, akaukuta mweupe. Ndipo Idadi akamweleza sheria ya pili: jambo lisilokuwamo kwenye mpango wa mwaka halikutendeka. Mwezi wa tano kiwanda cha magunia kilifungwa bila taarifa, wafanyakazi mia mbili na sita wakajikuta nje ya lango na sufuria zao za chakula cha mchana. Lakini mpango ulioandikwa Januari ulisema ajira za kanda zingeongezeka. Kwa hiyo kiwanda hakikufungwa, na kwa kuwa hakikufungwa, hakuna aliyepoteza kazi.

“Na hao watu mia mbili na sita walikwenda wapi?”

Idadi akatazama mlango kwanza. “Walipata kazi,” akasema kwa sauti ya chini. “Wote. Wiki tatu tu. Ila tafadhali usiandike, dada yangu. Haikutokea.”

Jioni akamkaribisha nyumbani kwake. Tumpe bado anakikumbuka chakula kile: maharage ya nazi, mchicha, na mkate wa duara uliokuwa laini mpaka akaona haya kuongeza kipande cha nne. Mke wa Idadi, mama mnene mcheshi, alikuwa amepata uchochoro katika sheria. Hakumwita mumewe kwa lengo hata siku moja. Alimwita Baba Nakiete, na hakuna askari aliyeweza kumkamata kwa hilo.

Nakiete mwenyewe, binti yao wa pekee, alikuwa akiolewa Jumamosi. Lakini mdomo wake ulikuwa umevimba kwa hasira.

“Mgeni atuamulie,” akasema. “Kwetu bibi harusi hatoki nyumbani mpaka jina la baba yake lisomwe mara tatu mbele ya wakwe. Mkutano mkuu ni kesho kutwa, Alhamisi. Baba asiporudishiwa jina, nitasomwa mimi Nakiete binti wa Idadi ya Wanachama Ifike Mia Moja na Kumi. Mara tatu!”

“Wakwe wanasemaje?” aliuliza Tumpe.

“Mama mkwe ametuma ujumbe. Anasema wao walikuja kuposa kwa watu, hawakuja kuposa kwa takwimu.”

Mama Nakiete akacheka mpaka akashika mbavu, halafu akafuta macho, na machozi yale hayakuwa ya kicheko peke yake. Idadi aliumega mkate wake vipande vidogo vidogo, asile hata kimoja.

Tumpe, kwa kutaka kubadilisha mazungumzo, akausifu mkate na kuuliza umeokwa na nani.

“Ni wa Mama Nambua,” akasema Mama Nakiete. “Alishona magunia kiwandani miaka kumi na sita. Sasa ana tanuri lake na wafanyakazi saba. Na unataka kujua nani alimtafutia tanuri? Nani alimwandikia mikataba ya hao saba? Nani alimfundisha kupanga zamu? Wiki zile tatu huyu bwana alikuwa anarudi na vumbi mpaka kwenye nyusi. Baba Nakiete, usinikanyage mguu, mgeni ameshaelewa.”

Tumpe alikuwa ameelewa, na kitu kimoja tu kilikuwa kinamtatiza. “Mama Nambua ana wafanyakazi saba. Basi ni mwajiri. Ni mwanachama wenu?”

“Hapana,” akasema Idadi.

“Kwa nini?”

“Fomu ya kujiunga ina swali la nne: ulihudumiwa na nani, lini, kwa lengo namba ngapi. Yeye ni mkweli, ataandika ukweli. Na mtu aliyekutwa amefanya kazi isiyopangwa hupewa lengo la pili alibebe juu ya lile la kwanza. Nimemwomba asijiunge, na ameniahidi hatanitaja.”

“Kaka Idadi,” Tumpe akasema taratibu, “umezunguka kanda nzima mwaka mzima unamtafuta mtu wa mia moja, na kila asubuhi unanunua mkate mlangoni kwake.”

“Najua,” akasema Idadi. “Ndiyo maana siwezi kuumeza.”

Alhamisi ikafika. Ukumbi ulijaa, Mama Nakiete na binti yake wakakaa viti vya nyuma kabisa, Tumpe akapewa kiti cha mgeni karibu na meza kuu. Mwenyekiti, Mheshimiwa Kiangi, alikuwa mtu mpole, mdogo wa umbo, aliyeiamini sheria kama wengine wanavyoamini dawa. Mjadala wa kwanza ulikula asubuhi yote, nao ulihusu kama mpango wa kuandaa mpango uwekewe lengo lake wenyewe. Wazungumzaji kumi na mmoja waliunga mkono, kumi na mmoja wakapinga, na mmoja akaomba iundwe kamati ya kupima hisia za hao wengine. Tumpe aliandika kila neno, huku mkono ukianza kumuuma.

Kisha ikaja ajenda ya sita. Mwandishi wa mkutano akasoma: wanachama waliopo, tisini na tisa. Lengo halikufikiwa. Ilipendekezwa liwe mia moja na kumi. Idadi alisimama kama sheria inavyotaka, mikono ikiwa nyuma, akisubiri kuongezewa jina.

“Tutapiga kura baada ya chai,” akasema Mheshimiwa Kiangi.

Mkate wa chai siku ile uliletwa na Mama Nambua mwenyewe, vikapu vinne vilivyofunikwa kwa vitambaa vyeupe. Hakuna aliyeuagiza. Alikuwa mwanamke mkavu, mwenye mikono mirefu na unga kwenye kiwiko. Wajumbe wakala, wakasifu, wakarudi kwenye viti na vipande mkononi. Mama Nambua hakutoka. Alibaki amesimama kwenye njia ya katikati ya viti.

“Mama, una shida?” Mwenyekiti akauliza.

“Sina shida, mheshimiwa. Nilikuwa nayo, imekwisha. Nimekuja kushukuru.”

Mwandishi akapekua ratiba. “Shukrani ziko kwenye Mengineyo, ajenda ya thelathini na moja.”

“Nitasubiri.”

“Kwa desturi,” akasema mwandishi kwa upole, “mkutano huishia ajenda ya thelathini.”

Watu wakacheka. Mama Nambua naye akacheka, lakini hakuondoka.

“Basi nitasema haraka, unga wangu uko juani. Mwezi wa tano kiwanda cha magunia kilipofungwa…”

“Mama,” Mwenyekiti akamkatiza, bila ukali hata kidogo, “kiwanda hakikufungwa. Mpango wa mwaka hauna jambo hilo. Kwa mujibu wa mpango, hata sasa hivi tunavyozungumza, wewe uko kiwandani unashona magunia.”

“Mimi?”

“Wewe.”

Mama Nambua akajitazama kuanzia miguuni. “Haya, mheshimiwa. Mimi niko kiwandani. Sasa huo mkate ulio mdomoni mwako kauoka nani?”

Mheshimiwa Kiangi aliacha kutafuna. Ukumbi mzima uliacha kutafuna. Kwa muda mfupi watu mia walikaa na mkate mashavuni, wasijue kama sheria inawaruhusu kuumeza.

Mjadala uliofuata Tumpe ameusimulia mara nyingi, na kila mara huapa kwamba hauongezei chumvi. Mjumbe mmoja alisema mkate ule ni wa dhana. Mwingine akasema hata kama ni wa dhana, una hiliki. Mwanasheria wa Umoja akashauri kwamba, kwa tahadhari, jambo lipigiwe kura. Mwenyekiti akajifuta midomo, akasema, “Wanaokubali kwamba mkate upo, wanyooshe mikono.”

Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Ndipo kule pembeni mtu akakohoa, akasimama, na sauti ambayo haikuwa imesikika miaka miwili ikatoka kama mlango uliokaa bila mafuta.

“Upo,” akasema Bwana Mawasiliano Yaboreshwe. Akafikiri kidogo, akaongeza, “Na ni mtamu.” Akakaa.

Mikono ikanyooka ukumbi mzima, mingi ikiwa bado na vipande vya ushahidi.

Tumpe alikuwa mgeni, na mgeni kwao hufundishwa kuangalia na kunyamaza. Lakini alimwona Nakiete kule nyuma ameuma ncha ya kanga yake, akashindwa. Akanyoosha mkono.

“Naomba kuuliza tu, Mheshimiwa Mwenyekiti. Kabla hamjawa na fomu, mtu alikuwa anajiungaje na umoja huu?”

Hakuna aliyejua. Mwanasheria akatumwa kabatini, akarudi na katiba ya waasisi, kijitabu chembamba kuliko taarifa ya mwezi mmoja. Akakisoma kwa sauti, kwanza haraka, halafu polepole: “Mwanachama ni mwajiri yeyote wa kanda hii atakayesimama mbele ya mkutano, akakiri kwamba Umoja umemhudumia, na akamtaja aliyemhudumia.” Akageuza ukurasa. Nyuma hapakuwa na kitu. Waasisi hawakuwa wametaka zaidi ya hapo.

“Mama Nambua,” Mheshimiwa Kiangi akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, “unakiri?”

“Nakiri. Nilisimama nje ya lango la kiwanda sijui naanzia wapi, na Umoja ukanihudumia. Nina watu saba wanaokula kwa kazi yangu.”

“Nani alikuhudumia?”

Hapo Mama Nambua akafunga mdomo. Alikuwa ameombwa asimtaje, na ahadi ilikuwa ahadi. Akatazama vikapu vyake. Bila jina la aliyemhudumia, hakuna mwanachama. Pamoja na jina hilo, kuna lengo la pili.

Idadi alikuwa bado amesimama. Aligeuka nyuma mara moja, akamwona mkewe, akamwona binti yake. Nakiete akamtikisia kichwa kwamba asiseme: afadhali asomwe na lengo moja kuliko mawili.

“Ni mimi,” akasema Idadi. “Jioni baada ya kazi, wiki tatu. Si mama huyu peke yake. Ni wote mia mbili na sita. Haikupangwa na nilijua haikupangwa. Nikiwaona tena nje ya lango nitakwenda tena. Sasa niongezeeni mnachoniongezea.”

Hakuna aliyecheka safari hii. Mwandishi alishika kalamu juu ya karatasi. Mheshimiwa Kiangi aliligeuza lile pande la mkate mkononi.

“Mwandishi,” akasema hatimaye, “angalia kwenye mpango wa mwaka. Kosa hili la ndugu yetu, la kufanya kazi isiyopangwa. Lilipangwa?”

Mwandishi akapekua kurasa zote, mbele na nyuma. “Halikupangwa, mheshimiwa.”

“Basi halikutendeka. Tuendelee. Wanachama ni wangapi?”

“Mia moja,” akasema mwandishi, na akalazimika kulirudia, kwa sababu kule nyuma Mama Nakiete alikuwa amepiga kigelegele ambacho hakikuwamo kwenye ratiba.

Ilibaki kurudisha jina. Mwandishi akaomba daftari la majina. Akaambiwa lilipelekwa kutiwa jalada miaka saba iliyopita, na lengo la kulitia jalada bado halijatimia. Mwenyekiti akageuka kwa wajumbe. Nani anakumbuka ndugu yetu alikuwa anaitwa nani? Wakatazamana. Walikuwa wamefanya naye kazi miaka tisa, wamekula kwake, wamemzikia baba yake, na hakuna hata mmoja aliyeweza kulitamka.

Mama Nambua akaacha vikapu vyake, akaenda mpaka mbele akasimama karibu naye.

“Mimi nilikuwa nakuita Idadi kwa sababu ulijitambulisha hivyo,” akasema. “Na shukrani haifiki vizuri kwa mtu wa namba. Jina lako nani, baba?”

Yule bwana akafungua mdomo, akaufunga. Alilitafuta kama anayetafuta swichi katika chumba alichohama zamani. Nakiete alikuwa amesimama sasa, amejiziba mdomo kwa mikono miwili ili asimtangulie.

“Mbonea,” akasema. “Mimi ni Mbonea.”

“Asante, Mbonea.”

Naye akamjibu kama wanavyojibu watu wenye majina yao.

“Karibu, Mama Nambua.”